Nani Hulibeba Pengo? Kadi ya Mstaafu na Kiwango cha Daktari

Katika vyuo na ofisi zetu za umma, mazungumzo ya kustaafu huanzia kwenye kikokotoo na kuishia kwenye kiwanja. Tunabishana kuhusu kiinua mgongo, pensheni ya kila mwezi, nyumba ambayo bado haijaezekwa na shamba la kule kijijini. Bima ya afya hutajwa mwishoni, kwa maneno mawili tu: kadi ipo.

Makala hii inahusu kile kinachofichwa na maneno hayo mawili. Kadi ni ahadi iliyotolewa na mfuko kwa mwanachama. Anayetibu, hata hivyo, ni mtu wa tatu, na mara nyingi ana bei yake mwenyewe. Kati ya bei hiyo na kiwango ambacho mfuko uko tayari kulipa kuna pengo. Swali la kihistoria, na la kisiasa, ni hili: nani hulibeba?

Nimeuchagua mfano wa Marekani kwa sababu moja. Huko swali hili limepiganiwa hadharani kwa zaidi ya nusu karne, na kila hatua ya mapambano imeacha alama katika sheria. Mzee wa Marekani anapotafuta leo daktari anayekubali kiwango cha serikali, huona kama anafanya uamuzi wake binafsi, kama mtu anayechagua fundi wa kushona. Ninalodai ni kwamba uchaguzi wake ulikwisha kupangwa na mapatano ya wakubwa, miaka mingi kabla hajafikisha umri wa kustaafu.

Mapatano ya 1965

Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya 1935, iliyopitishwa chini ya Rais Franklin Roosevelt, iliwapa wafanyakazi wa Marekani pensheni ya uzeeni, lakini bima ya matibabu iliachwa nje. Novemba 1945 Rais Harry Truman alipendekeza bima ya afya kwa taifa zima. Chama cha Madaktari cha Marekani kiliupinga mpango huo kwa nguvu zote, kikauita ujamaa wa kitabibu. Mwishoni mwa 1948 kiliamua kumtoza kila mwanachama dola 25 ili kugharimia kampeni, na mpango wa Truman ukafia bungeni.

Wazo lilirudi kwa umbo dogo zaidi: bima ya wazee pekee. Upinzani nao ukarudi. Mwaka 1961 santuri yenye sauti ya Ronald Reagan, ambaye wakati huo alikuwa bado mwigizaji, ilisambazwa nchini. Wake za madaktari waliwaalika majirani kunywa kahawa, wakaisikiliza santuri hiyo pamoja, kisha wakaombwa kuwaandikia wabunge wao barua za kupinga muswada.

Tarehe 30 Julai 1965 Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria iliyoanzisha Medicare, bima ya serikali kwa watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi. Alikwenda kuisaini katika mji wa Independence, Missouri, mbele ya Truman aliyekuwa na umri wa miaka 81. Huduma zilianza 1 Julai 1966, zikiwafikia wazee wapatao milioni 19.

Wanafunzi wangu huipenda picha ya marais wawili mezani. Mimi huwaelekeza kwenye vifungu viwili vya mwanzo vya sheria yenyewe. Kifungu cha 1801 kinakataza serikali kuingilia namna udaktari unavyofanywa. Kifungu cha 1802 kinamhakikishia mgonjwa uhuru wa kumchagua anayemtibu. Ukivisoma haraka utaviona kama mapambo. Ukivisoma pamoja utaona bei ya amani: serikali ilikuwa inawahakikishia madaktari kwamba ingelipa bila kuamrisha.

Medicare iligawanywa sehemu mbili. Sehemu ya A ililipia hospitali kutokana na makato ya mishahara. Sehemu ya B ililipia madaktari. Mzee alichangia dola 3 kwa mwezi, na serikali ikaongeza kiasi kama hicho. Katika sehemu hii ya pili ndipo pengo lilipozaliwa.

Pengo lapata mwenyewe

Sheria haikuweka orodha ya bei za madaktari. Ilisema mfuko utalipa malipo ya haki, yakikadiriwa kwa kuangalia daktari huyo kwa kawaida hutoza kiasi gani na wenzake wa eneo hilo hutoza kiasi gani. Baada ya mzee kulipa dola 50 za kwanza za mwaka, mfuko ulilipa asilimia 80 ya malipo hayo ya haki, naye akalipa asilimia 20.

Kisha daktari akapewa njia mbili. Angeweza kukubali kiwango cha mfuko kuwa malipo kamili. Hapo mfuko ulimlipa moja kwa moja na mgonjwa akatoa ile asilimia 20 tu. Au angeweza kukikataa, akamwandikia mgonjwa ankara kwa bei yake mwenyewe. Hapo mgonjwa alilipa chote, akajaza fomu za madai, akasubiri mfuko umrudishie sehemu yake, na kilichozidi kiwango kikawa mzigo wake.

La ajabu zaidi, daktari hakulazimika kuchagua njia moja na kuishika. Aliweza kukubali leo na kukataa kesho, kwa mgonjwa huyu ndiyo na kwa yule hapana. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 ni takriban nusu tu ya madai ya madaktari yaliyokuwa yakikubaliwa kwa kiwango cha mfuko. Mzee aliingia kliniki akiwa na kadi halali mfukoni bila kujua angetoka anadaiwa nini. Uhuru wa kuchagua aliopewa na kifungu cha 1802 ulikuwepo, lakini ulikosa taarifa. Naye anayechagua gizani hupapasa tu.

Mtu anaweza kudhani kwamba serikali haikuwa na uwezo wa kuweka masharti. Historia inakanusha. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ilipiga marufuku ubaguzi wa rangi katika shughuli zinazopokea fedha za serikali kuu. Hospitali zilizotaka malipo ya Medicare mwaka 1966 zilitakiwa kuondoa ubaguzi huo, na katika miezi michache wodi za Kusini zilizokuwa zimetenganishwa kwa miongo mingi zilianza kuchanganya wagonjwa. Fedha za umma, zilipofungamanishwa na sharti la umma, zilibadili hospitali kwa kasi ambayo mahakama hazikuwahi kuifikia. Lakini kliniki za madaktari binafsi ziliachwa nje. Wizara iliyohusika ilishikilia kwamba fedha za Sehemu ya B si msaada wa serikali kwa daktari. Basi mfuko uleule, kwa sheria ileile, uliweza kuibana hospitali na ukamwachia daktari. Huo ulikuwa uamuzi wa kisiasa.

Orodha, kikomo na mlango wa nyuma

Mabadiliko yalianza pale gharama zilipoitisha serikali na ankara zilipowachosha wazee. Mwaka 1984 Bunge la Marekani lilizuia kwa muda ongezeko la malipo ya madaktari na kuanzisha utaratibu mpya wa madaktari washiriki. Daktari aliyejiandikisha aliahidi kukubali kiwango cha mfuko kwa wagonjwa wote wa Medicare na kwa huduma zote, kwa mwaka mzima. Majina yao yakachapishwa katika orodha ambazo wazee waliweza kuzisoma. Hatua hii inaonekana ndogo, ya kiofisi tu. Kwa mstaafu ilikuwa kubwa: kwa mara ya kwanza aliweza kujua kabla ya kuondoka nyumbani.

Jimbo la Massachusetts lilikwenda mbali zaidi. Vyama vya wazee vilipiga kampeni, na mwaka 1985 jimbo likapitisha sheria iliyomtaka daktari asiwatoze wagonjwa wa Medicare zaidi ya kiwango, kama sharti la kupata leseni yake. Chama cha madaktari cha jimbo kilikwenda mahakamani; mwaka 1987 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaiacha sheria isimame. Madaktari hawakuhama jimbo kwa makundi kama ilivyotabiriwa.

Wakati huohuo jirani wa kaskazini alikuwa akilijibu swali hilo kwa njia yake. Nchini Kanada, jimbo la Saskatchewan lilipoanzisha bima ya matibabu 1 Julai 1962, madaktari waligoma kwa siku 23. Bima ilibaki. Mwaka 1984 Sheria ya Afya ya Kanada iliamua kwamba jimbo likiruhusu madaktari kuwatoza wagonjwa juu ya kiwango, serikali kuu itakata fedha inazolipatia jimbo hilo kwa kiasi kilekile kilichotozwa. Ontario ilipopiga marufuku tozo hizo mwaka 1986, madaktari waligoma kwa siku 25, na marufuku yakabaki. Kanada iliamua kwamba pengo lisifike mlangoni kwa mgonjwa kabisa.

Marekani ilichagua njia ya kati. Sheria ya Desemba 1989 iliachana na malipo ya kukadiria kwa mazoea, ikaleta jedwali la viwango lililoanza kutumika 1 Januari 1992. Msingi wake ulikuwa utafiti wa William Hsiao na wenzake wa chuo kikuu cha Harvard, waliopima muda, ustadi na msongo wa akili unaohitajika katika kila huduma ya daktari. Kuanzia Septemba 1990 daktari mwenyewe ndiye aliyepaswa kupeleka madai kwenye mfuko, badala ya kumtwisha mzee fomu hizo. Aliyekataa kuwa mshiriki akawekewa kikomo, ambacho kufikia 1993 kilikuwa asilimia 15 juu ya kiwango chake, na kiwango chake chenyewe kiliwekwa kuwa asilimia 95 ya kile cha mshiriki.

Tufanye hesabu, maana katika mambo haya siasa hukaa ndani ya hesabu. Tuseme kiwango cha huduma fulani kwa daktari mshiriki ni dola 100, na mzee amekwisha kulipa fungu lake la mwanzo wa mwaka. Mfuko hulipa 80, yeye hulipa 20. Akienda kwa daktari asiye mshiriki na anayekataa kiwango, msingi ni dola 95 na kikomo cha ankara ni dola 109.25. Mfuko hutoa asilimia 80 ya 95, yaani dola 76. Mzee hubaki na dola 33.25. Ni huduma ileile na kadi ileile, lakini mzigo wake umeongezeka kwa karibu theluthi mbili. Hata hivyo mzigo huo una dari, na dari hiyo haikuwapo mwaka 1966.

Lakini kila mlango mkuu ukifungwa, mtu hutafuta wa nyuma. Mwaka 1997 Bunge liliruhusu daktari kujitoa katika Medicare kabisa, kwa vipindi vya miaka miwili, na kufanya mkataba wa binafsi na mgonjwa. Katika mkataba huo hakuna kikomo, na mfuko haulipi hata senti moja. Waliojitoa wamebaki wachache, karibu asilimia moja ya madaktari, lakini hawakutawanyika sawasawa: madaktari wa magonjwa ya akili ndio wanaoongoza. Mzee mwenye sonona hukuta mlango umefungwa mahali ambapo mwenye shinikizo la damu hupita bila shida.

Haki inatutaka tusikilize upande wa madaktari pia. Mwaka huohuo wa 1997 Bunge liliweka kanuni ya kupunguza viwango pale matumizi yanapopanda. Mwaka 2002 ilivishusha kwa karibu asilimia 5, na kwa miaka iliyofuata Bunge lilikuwa likiisimamisha tena na tena, hadi lilipoifuta mwaka 2015. Daktari anayelipa wauguzi, kodi ya jengo na mikopo ya masomo hawezi kupanga kazi yake juu ya kiwango kinachotishiwa kila mwaka. Kiwango kisichotosha ni pengo vilevile, ila limehamishiwa kwa mtoa huduma, naye akielemewa hulirudisha kwa mgonjwa kwa kufunga mlango.

Tena pengo limepata sura mpya. Tangu 2023 zaidi ya nusu ya wanaostahili Medicare wamo katika mipango iitwayo Medicare Advantage, inayoendeshwa na kampuni binafsi za bima kwa fedha za mfuko. Huko swali la mzee ni kama daktari wake yumo katika orodha ya kampuni mwaka huu, na kama atakuwamo mwaka ujao.

Na sisi je?

Nisingeisimulia historia hii kama ingekuwa ya Wamarekani peke yao. Tanzania ilipiga marufuku udaktari binafsi wa kibiashara mwaka 1977, ikaufungulia tena mwaka 1991, kisha mwaka 1993 ikaanza kuwachangisha wananchi gharama katika hospitali za umma. Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ilipitishwa mwaka 1999 na mfuko ukaanza kazi 2001 kwa kuwakata watumishi wa umma: asilimia 6 ya mshahara, nusu kutoka kwa mtumishi na nusu kutoka kwa mwajiri. Mstaafu aliyekuwa mchangiaji huendelea kutibiwa pamoja na mwenza wake, kwa masharti yaliyowekwa, bila kuendelea kukatwa. Hii ni ahadi nzito. Mtu huilipia kwa miaka 30 akiwa na nguvu, ili imfae akiwa hana.

Tarehe 1 Machi 2024 mfuko ulipoanza kutumia kitita kipya cha mafao, baadhi ya hospitali binafsi zilisema viwango vyake havifidii gharama, zikasitisha huduma kwa wanachama wa mfuko. Serikali ilikitetea kitita na wagonjwa wakaelekezwa kwenye vituo vingine, vikiwamo vya umma. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi. Kijana mwenye mafua aliweza kungoja fahali watulie. Mstaafu anayesafishwa figo mara kadhaa kwa wiki, au anayepaswa kumwona bingwa wa moyo aliyemzoea kwa miaka, hakuwa na muda huo.

Tofauti na Marekani ya 1966 ni kwamba pengo letu lilijitokeza kama mlango uliofungwa kuliko kama ankara ya ziada. Lakini asili ni ileile: sheria ilieleza kwa undani nani atakatwa nini, haikueleza kwa undani uleule nini kinampata mgonjwa siku mfuko na mtoa huduma wasipoelewana. Wakenya nao, walioanza kukatwa asilimia 2.75 ya kipato chao kwa ajili ya mfuko mpya wa afya ya jamii Oktoba 2024, wamezisikia hospitali binafsi zikilalamikia malipo. Na sisi, tukiwa na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, tunakaribia kuwaingiza mamilioni katika uhusiano huuhuu wa pande tatu.

Historia niliyoieleza inatoa mafunzo matatu, nami nayaweka kwa wanafunzi, wanaharakati na watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu.

Kwanza, orodha ni haki. Mwanachama anastahili kujua kabla ya kupanda basi ni kituo gani na bingwa gani anaipokea kadi yake, kwa huduma zipi, na hadi lini. Marekani ilichukua miaka 18 tangu huduma zianze hadi kuwa na utaratibu huo. Sisi tuna simu mkononi. Hatuna sababu ya kungoja hivyo.

Pili, mkataba kati ya mfuko na hospitali uwe na kipindi cha tahadhari kinachomlinda mgonjwa aliye katikati ya matibabu. Wakubwa wakivutana kuhusu viwango, anayesafishwa figo aendelee kusafishwa, na hesabu zao wazimalize baadaye.

Tatu, viwango vipangwe kwa kipimo kinachoonekana. Jedwali la 1992 lina kasoro zake, lakini lilitokana na kazi ambayo yeyote aliweza kuisoma na kuipinga. Kiwango kinachotangazwa bila hesabu yake huzaa shaka hata kikiwa cha haki, na hospitali inayosema kiwango ni kidogo bila kuonyesha gharama zake nayo haistahili kuaminiwa kwa neno tupu.

Kwa mtumishi aliyebakiza miaka michache, shauri langu ni la kawaida. Unapouliza kikokotoo kitakupa kiasi gani, uliza pia: katika wilaya nitakayohamia nikistaafu, nani anatibu ugonjwa nilio nao, na je, anakipokea kiwango cha mfuko wangu? Hospitali uliyoizoea Dar es Salaam haitakufuata Newala wala Kasulu. Usipopata jibu katika ofisi ya kwanza, nenda ya pili, kisha upeleke swali hilo kwenye mkutano wa chama chako cha wafanyakazi. Wazee wa Massachusetts hawakungoja kuandikiwa sheria. Waliuliza swali hilohilo, kwa sauti na kwa pamoja, hadi wabunge wao wakachoka kulikwepa.